Saa ya Michezo Katika Shule za Sekondari

Somo kwa wazazi, waalimu na walezi wa vijana

Ndugu wasomaji, katika somo la mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni saa ya michezo katika shule za sekondari. Mzazi anapomtafutia mtoto wake shule, huuliza habari za matokeo ya mitihani, na ada, na chakula, na bweni. Ni vema kuuliza hayo yote. Lakini ni wachache waulizao: Watoto hucheza saa ngapi kwa juma? Uwanja uko wapi? Wasichana nao hucheza, au huketi pembeni wakiwatazama wenzao?

Tena twaona ya kuwa mitihani ya Kidato cha Pili na ya Kidato cha Nne inapokaribia, kitu cha kwanza kuondolewa katika ratiba ni michezo. Saa kumi ya jioni, badala ya kwenda uwanjani, wanafunzi hurudishwa darasani kwa masomo ya ziada. Wafanyao hivyo hawafanyi kwa ubaya; wanawatakia watoto mema. Walakini tutaona katika somo hili kwamba wanawanyima vijana kitu ambacho hawatakipata tena kwa urahisi wakiisha kuwa watu wazima, wala hawapati ile faida waliyoitumaini. Hilo ndilo neno kuu la somo letu.

Somo lina sehemu sita. Waweza kulisoma peke yako nyumbani, au mwaweza kulisoma pamoja katika mkutano wa wazazi, sehemu moja kila mara, na kuyajibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Maisha ya vijana yamebadilika

Babu zetu hawakuhitaji kengele ya michezo. Mtoto alichunga ng'ombe na mbuzi, alipanda na kushuka mlima akichota maji, alishika jembe pamoja na wakubwa wake, na jioni alicheza ngoma au kupigana mieleka na wenzake. Si kwamba watu wale walijua elimu ya afya kuliko sisi, bali maisha yenyewe yaliwalazimisha kuutumia mwili. Hata mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya mikono, na wanafunzi wa miaka ile walilima kweli kweli.

Leo tazameni mwanafunzi wa mjini. Asubuhi na mapema hupanda basi la shule, huketi. Darasani huketi mpaka alasiri. Hurudi katika basi, huketi. Nyumbani huketi tena mbele ya televisheni au akiinamia simu. Na yule wa bweni, ambaye twadhani anaishi maisha magumu, mara nyingi hatembei zaidi ya njia fupi kati ya bweni, darasa na bwalo; na usiku huketi tena katika prepo. Ukihesabu saa zake zote za siku, waona ya kuwa sehemu kubwa ameketi au amelala.

Jambo hili si la nchi moja tu. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu iliyokusanywa kwa wanafunzi 1,600,000 wa nchi 146, wenye umri wa miaka 11 hadi 17. Waliona ya kuwa mwaka 2016, katika kila vijana 100, vijana 81 hawakufikia kiasi cha mazoezi kinachohitajiwa na mwili. Kwa wavulana walikuwa 78 katika kila 100, na kwa wasichana 85. Wala hali hii haikuwa ya nchi tajiri peke yake. Nchi maskini zilikuwamo vile vile.

Je, matunda yake ni nini? Hayaonekani mara moja. Kijana wa miaka kumi na sita aketiye mchana kutwa haugui kesho yake. Matunda huonekana baada ya miaka ishirini au thelathini. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, karibu watu 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Magonjwa haya yana sababu nyingi: chumvi, pombe, tumbaku, unene, na urithi wa ukoo. Lakini kutoutumia mwili ni mojawapo ya sababu hizo, nayo ni sababu iliyo katika uwezo wetu kuiondoa.

2. Mazoezi hufanya kazi gani mwilini?

Ni vema mwalimu awaeleze wanafunzi sababu, asiwaambie tu, "Nendeni mkacheze." Kijana akijua sababu hufuata kwa moyo. Basi tutaje mambo manne.

Kwanza, moyo. Moyo ni msuli, na kama misuli mingine hupata nguvu kwa kazi. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hata mtu akipumzika hauna haja ya kupiga mara nyingi. Tufanye hesabu. Moyo upigao mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku. Moyo upigao mara 60 hupiga mara 86,400. Tofauti ni mapigo 14,400 kila siku, na mwili hupata damu ile ile iutoshayo. Kila mwanafunzi aweza kujipima: aketi kimya kwa dakika chache, aweke vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa mbili. Aandike hesabu hiyo katika daftari mwanzoni mwa muhula, na tena mwishoni.

Juu ya moyo kuna habari moja iliyowafumbua macho waganga wengi. Katika mji wa London mabasi yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tikiti. Daktari mmoja, jina lake Jerry Morris, pamoja na wenzake, walilinganisha afya ya watu hawa. Mwaka 1953 walitangaza ya kuwa makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua hawakuugua vikali kama madereva. Walikuwa watu wa mji mmoja na kampuni moja. Tofauti kubwa ya kazi yao ilikuwa zile ngazi.

Pili, mifupa. Watu hudhani mfupa ni kama jiwe, kumbe ni kitu kilicho hai, nao hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Miaka ya kubalehe ndiyo miaka ya kuweka akiba ya mifupa. Mtu akifika miaka ishirini, akiba yake iko karibu kukamilika. Kuanzia hapo hulinda alichonacho, na uzeeni hupungukiwa. Wataalamu wa Finland walijua la kufanya ili kulipima jambo hili. Mwaka 1995 walitangaza habari za wanawake wachezao tenisi na mchezo wa skwoshi, ambao hutumia mkono mmoja zaidi kuliko mwingine. Mfupa wa mkono wa kuchezea ulikuwa imara kuliko wa mkono wa pili. Na wale walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo, au wakati ule ule, walipata faida karibu mara mbili ya wale walioanza baadaye. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kumbe na mifupa ni vivyo hivyo.

Tatu, sukari ya damu. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu na kuitumia kama kuni. Mtu asiyejishughulisha, akila wanga na sukari nyingi, hulundika mafuta mwilini, na baada ya miaka mwili wake huzoea vibaya, usiitii tena ile homoni iitwayo insulini. Hapo ndipo kisukari cha watu wazima huanza, nacho siku hizi chaonekana hata kwa vijana.

Nne, usingizi na moyo wa furaha. Kijana aliyeutumia mwili mchana hulala vema usiku. Tena imeonekana ya kuwa mazoezi hupunguza huzuni na wasiwasi. Vijana wetu wana mizigo ya mawazo ambayo hawatuambii: hofu ya mtihani, upungufu wa ada, ugomvi wa nyumbani. Uwanja hauondoi mizigo hiyo, lakini humpa kijana nafasi ya kupumua na kuwa na rafiki.

3. Je, michezo hula masomo?

Hapa ndipo penye shaka ya wazazi wengi. Husema, "Nimeuza kahawa yangu ili mtoto asome, si ili acheze mpira." Neno hili lina uzito, wala haifai kulicheka. Basi tulipime kwa haki.

Kule Trois-Rivières, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, kuanzia mwaka 1970 walifanya jaribio kwa watoto wa shule za msingi. Kundi moja lilipewa saa moja ya mazoezi kila siku ya shule, na saa hizo zilikatwa katika masomo mengine, hata muda wa masomo ukapungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Kundi la pili lilifuata ratiba ya kawaida. Mwaka wa kwanza wale waliocheza walikuwa nyuma kidogo. Lakini kuanzia mwaka wa pili alama zao ziliwapita wenzao, ingawa walisoma saa chache.

Watoto wale walikuwa wadogo kuliko vijana wetu wa sekondari. Kwa hiyo tutazame na hesabu iliyo pana zaidi. Mwaka 2010 kituo cha serikali ya Marekani kishughulikacho na kuzuia magonjwa kilikusanya chunguzi 50 zilizofanywa mashuleni, zenye vipimo 251 vya kulinganisha mazoezi na masomo. Zaidi kidogo ya nusu ya vipimo ilionyesha ya kuwa mazoezi yaliambatana na maendeleo ya masomo. Karibu yote yaliyobaki hayakuonyesha faida wala hasara. Vilivyoonyesha hasara havikufika 2 katika kila 100.

Tusizidishe maneno. Hatusemi kwamba mpira wa miguu utamfundisha mtoto hesabu za aljebra. Asiyesoma hatafaulu, hata awe na mbio kama swala. Twasema hivi tu: saa moja iliyochukuliwa uwanjani na kupelekwa darasani hailipi kama tulivyodhani. Kila mwalimu asimamiaye prepo amewaona wanafunzi waliokaa tangu asubuhi: macho yako kitabuni, lakini akili imekwenda mbali. Kumwongezea mtu huyo saa ya nne ya kuketi ni kama kumwaga maji katika mtungi uliokwisha jaa.

4. Kiasi gani chatosha?

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema ya kuwa mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za mazoezi kila siku, ya kiasi cha kati au ya nguvu. Na kwa uchache siku tatu katika juma afanye mazoezi ya nguvu, pamoja na yale yajengayo misuli na mifupa, kama kuruka, kukimbia, kupanda, kuvuta na kusukuma. Si lazima dakika hizo ziwe za mfululizo. Robo saa ya asubuhi, robo saa ya mchana na nusu saa ya jioni zahesabiwa pamoja.

Tutajuaje kiasi cha kati na kiasi cha nguvu? Kipimo ni rahisi. Mtu akiwa katika kiasi cha kati, pumzi huongezeka, naye aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiwa katika kiasi cha nguvu, husema maneno machache tu kisha hutafuta pumzi.

Lakini yatupasa kuwatofautisha wanafunzi, maana hawalingani. Chukueni mifano mitatu.

Wa kwanza ni binti wa shule ya kata akaaye kilomita tano kutoka shuleni. Huenda kwa miguu zaidi ya saa moja, na kurudi vivyo hivyo. Huyu amekwisha timiza dakika zake, tena kwa ziada. Ahitaji chakula cha mchana na maji, na usalama njiani. Kumwambia azunguke uwanja mara kumi akiwa na njaa si kumjenga. Apewe mchezo mwepesi wa kuruka na kurusha, apate furaha pamoja na wenzake.

Wa pili ni mvulana wa bweni. Huyu ahitaji saa nzima ya jioni, nayo isiguswe. Kazi ya shamba la shule yahesabiwa, maana kulima na kubeba maji huimarisha misuli. Walakini haifai iwe badala ya michezo siku zote.

Wa tatu ni mtoto wa mjini apandaye basi. Kwake shule peke yake haitoshi. Wazazi nao wana kazi. Ashuke kituo kimoja kabla ya nyumbani ikiwa njia ni salama, afagie uwanja, afue nguo zake, acheze na majirani zake. Na simu iwekwe kando kwa saa zinazojulikana.

5. Wasichana wasiachwe pembeni

Tumekwisha ona ya kuwa wasichana hupungukiwa kuliko wavulana. Si kwa sababu hawapendi michezo. Mtazameni msichana wa darasa la nne akiruka kamba au akicheza rede, hachoki. Lakini akifika Kidato cha Pili huanza kujitenga. Kwa nini?

Sababu moja ni kazi za nyumbani. Kaka akirudi shuleni huenda uwanjani. Dada huenda jikoni. Mzazi mwenye haki aweza kuzigawanya kazi hizo. Mvulana naye aweza kuosha sufuria.

Sababu ya pili ni mavazi. Msichana huona haya kuvaa nguo fupi mbele ya watu, na mara nyingine huchekwa. Basi aruhusiwe kuvaa suruali ndefu ya michezo, au sketi juu ya suruali, na aliye Mwislamu avae hijabu yake. Anayecheka wenzake aonywe.

Sababu ya tatu ni hedhi. Wengi hudhani msichana aliye katika siku zake hapaswi kujongea. Si kweli. Mazoezi hayamdhuru, na wengine hupata nafuu ya maumivu ya tumbo. Akiona maumivu makali au damu nyingi mno apumzike na kupelekwa kwa mganga. Lakini hawezi kucheza kwa amani kama shule haina choo chenye mlango, maji, sabuni na taulo za kike. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayetaka wasichana wacheze aanze kwa kukitazama choo.

Sababu ya nne ni hofu ya zamani, kwamba mbio huharibu tumbo la uzazi. Hofu hii haina msingi. Mwili wenye nguvu hubeba mimba vema kuliko mwili dhaifu, na ile akiba ya mifupa tuliyoitaja humfaa mwanamke zaidi, maana akikoma hedhi mifupa yake hupungua upesi.

Tena ni lazima wasichana wawe na mwalimu wa kike, au mama mwingine anayeaminiwa, karibu na uwanja. Mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, asiachwe peke yake mahali pa siri na mtu mzima kwa kisingizio cha mazoezi.

6. Namna ya kuipanga saa hiyo

Shule nyingi husema, "Hatuna vifaa." Ni kweli vifaa ni vichache. Lakini shida kubwa zaidi ni kwamba michezo imeachiwa wachache walio hodari. Tuna furaha kuona vijana wetu wakishindana katika UMISSETA. Tena twawaheshimu watu kama Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alishinda mbio za mita 1,500 na kuweka rekodi ya dunia. Na Alphonce Simbu, aliyeshinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 2025. Walakini shule yenye wanafunzi mia sita haiwezi kusema ina michezo, ikiwa ishirini wanacheza na waliobaki wanapiga makofi.

Tufanye hesabu tena. Watu 22 wakiwa na mpira mmoja kwa dakika 90, hata kama mpira ungekuwa miguuni mwa mtu kila dakika, kila mmoja angeupata kwa dakika nne tu. Gawanyeni uwanja ule ule katika viwanja vidogo vinne, watano kwa watano, na mipira minne. Kila mtu atakimbia, hata asiye hodari. Mpira wa chandimu uliosokotwa kwa matambara hautugharimu kitu. Kamba ya katani yafaa kwa kuruka na kuvutana. Nguzo mbili za miti zatosha kwa mpira wa wavu. Na ngoma za makabila yetu, zikichezwa kwa nusu saa, hutoa jasho kuliko mchezo wowote.

Mfano wa saa moja ni huu. Dakika 10 za kwanza, kuupasha mwili moto: kutembea haraka, kukimbia polepole, kuzungusha mikono na miguu. Dakika 40, michezo katika makundi madogo, makundi yakibadilishana kila baada ya dakika 10. Dakika 10 za mwisho, kutembea polepole, kunyosha viungo na kunywa maji. Viranja wa michezo waweza kusimamia makundi, mwalimu mmoja akiwaangalia wote.

Kuna na mambo ya kuangalia. Mwalimu ajue majina ya wanafunzi wenye pumu, wenye seli mundu, na wenye maradhi ya moyo. Hao wafuate shauri la daktari. Wengi wao waweza kucheza kwa kiasi, ila wasilazimishwe kukimbia hadi kuchoka kabisa, na maji wasinyimwe. Aliyetoka kuugua malaria aanze pole pole. Wakati wa jua kali chezeni asubuhi au jioni. Aliyeteguka kifundo cha mguu asikandwe kwa nguvu wala kuvutwa: akalishwe, awekewe maji baridi kwa kitambaa, afungwe bendeji, mguu uinuliwe, na asipoweza kuukanyaga apelekwe hospitali. Anayeona kizunguzungu au maumivu ya kifua aache mara moja.

Neno moja zaidi, nalo ni zito. Mashuleni mwetu mengi mwanafunzi aliyekosa huambiwa aruke kichura au azunguke uwanja mbio. Kwa njia hiyo twamfundisha ya kuwa kukimbia ni aibu na mateso, kisha twashangaa akiwa mtu mzima hataki hata kutembea. Tena kuruka kichura mara nyingi mno kwaweza kumdhuru magoti. Tutafute njia nyingine ya kuwaonya watoto, tusiyageuze mazoezi kuwa fimbo.

Mwisho

Basi, ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ana sehemu yake. Mzazi aulize habari za michezo siku ile ile aulizapo habari za alama, naye nyumbani agawanye kazi kwa haki. Mkuu wa shule ailinde saa ya jioni kama ailindavyo saa ya hesabu, hata katika mwezi wa mtihani. Mwalimu wa darasa asiikope. Na sisi tulio na vijana wa kipaimara, tuna uwanja kando ya kanisa ambao siku nyingi hukaa bure. Watoto wa mtaa waweza kuutumia wakati wa likizo, mtu mzima akiwapo. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka mtu mmoja katika kila shule atakayesema, "Saa kumi imefika, vitabu vifungwe," na wengine wasimpinge.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika shule wasomako watoto wetu, saa ya michezo ni lini? Katika mwezi uliopita iliondolewa mara ngapi, na kwa sababu gani?

2. Hesabuni saa ambazo mtoto wako huketi kwa siku moja, tangu kuamka hata kulala. Ni ngapi?

3. Kati ya wanafunzi watatu tuliowataja katika sehemu ya nne, mtoto wako afanana na yupi? Ahitaji nini zaidi?

4. Ni nini kinachowazuia wasichana wa shule yetu kucheza? Ni lipi twaweza kulitengeneza kabla ya muhula ujao?

5. Shule yetu ina mipira mingapi, na wanafunzi wangapi huicheza? Tufanyeje ili wote wacheze?

6. Nani atakwenda kuzungumza na mkuu wa shule kwa niaba yetu, na siku gani?